Baba Zao Wako Dago

Mnada wa samaki wa Chake Chake hauna adabu. Watu husukumana, maji ya samaki huruka mpaka kwenye mabuibui, na dalali hupiga kelele kama aliyeibiwa. Asubuhi hiyo Zulekha alikuwa akiligombea fungu moja kubwa la vibua, na kila akitaja bei, kijana mmoja nyuma yake aliipandisha. Kijana mwenyewe alivaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa pasi na kofia ya viua, utasema anakwenda kuoa. Zulekha akamgeukia.

"Kaka, kwenu mko wangapi?"

"Mie na mamangu tu."

"Basi hebu n'achia. Mie n'na thelathini wananingoja."

"Thelathini! Mashaallah, na bado kijana vivyo?"

Zulekha hakucheka. Alikuwa amechoka hata kucheka kulikuwa kazi. Kijana akaacha kupandisha bei, dalali akamaliza, na kapu akalibeba kijana huyo huyo mpaka Madungu, maji ya samaki yakimchuruzikia kanzuni. Jina lake Muadh.

Hao thelathini walikuwa watoto wa dahalia. Zulekha ni mwalimu, na alikodi nyumba ya Madungu ili watoto wa wavuvi wa Shumba wapate pa kulala, kula na kusoma bila ya malipo. Baba zao huenda dago, kwenye kambi za uvuvi za mbali, miezi kwa miezi, na mama zao hufuatana nao kuanika dagaa. Mtoto akifuata, masomo ndiyo basi tena. Gharama zote zilitoka kwa wenye maduka, wenye mikarafuu na jamaa walioko Arabuni, na kila mmoja alikuwa lazima aombwe na Zulekha. Asikwambie mtu, kuomba kunachosha kuliko kulima. Mkulima huumwa mgongo, muombaji huumwa uso.

Muadh alikuwa wakala wa jumuiya moja ya misaada ya huko Ghuba. Alianza kupita dahalia kila Ijumaa, kisha akaanza kupiga simu kila jioni.

"Umekula?"

"Wao wamekula."

"N'mekuuliza weye, habibti."

"N'takula nikishakata simu."

"Basi kata."

"Kata weye."

Na hakuna aliyekata. Bi Moza, mpishi wa dahalia, alikuwa akipita na sufuria yake akisonya kwa furaha.

Lakini mapenzi hayanunui mchele. Mwenye nyumba alitaka kodi yake, wafadhili wakawa hawapokei simu, na jioni moja Zulekha aliongea kwa sauti ambayo Muadh hakuwahi kuisikia.

"Nshachoka, Muadh. Mwezi huu ukiisha nawarejesha watoto kwao."

"Usiwarejeshe. N'achia mie."

Haikupita wiki mbili, gari ikashusha magunia ya mchele na magodoro mapya, na mwenye nyumba akawa anasalimia kwa tabasamu. "Umefanyaje?" Zulekha aliuliza. Muadh akajibu, "Umeomba miaka, leo umepewa. Kula, mpenzi." Akala, wala hakuuliza tena. Mtu aliyechoka haulizi chakula kimetoka wapi, na hapo ndipo alipokosea.

Baadaye akaja Shehe Ashraf, mkubwa wa jumuiya, mzee mpole anayenukia udi. Watoto walipangwa uani, wasichana na mitandio yao meupe, wavulana na kofia. Shehe alimwekea mkono kichwani Mwatum, kitoto cha darasa la pili kilichokosa meno ya mbele.

"Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako, mwanangu, na baba za wenzako wote."

Watu wazima waliitikia amin. Mwatum akainua uso.

"Babangu kafa?"

Akamgeukia Zulekha.

"Mwalimu, babangu kafa lini?"

Akaangua kilio, na wenzake wakamfuata, kila mmoja akimlilia wake. Jumuiya ile ilisaidia mayatima peke yao. Muadh, kwa kinywa chake, alikuwa amemwambia Shehe kwamba baba wa watoto hawa wote walifia baharini. Zulekha alimkuta ukumbini, kainamisha kichwa.

"Umewaua watu."

"Ilikuwa neno tu, Zulekha. Wangelala njaa."

"Kwetu mvuvi akiwa safarini, hata ndoto mbaya haisimuliwi. Weye umemtia mautini na mwanawe anasikia!"

"N'lifanya kwa ajili yako."

"Ndiyo inayon'uma hiyo. Toka."

Simu ya Khatib, baba yake Mwatum, haikupatikana. Mwatum aligoma kula. Simu za Muadh zilimiminika, na Zulekha hakupokea hata moja. Alikuwa anampenda bado, na kumpenda kulimuongezea uchovu.

Muadh alikwenda kwa Shehe akasema kweli yote. Shehe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia mapema ningekutafutia mlango mwengine," alisema. "Sasa nikuamini vipi?"

Kazi ikaisha pale pale, na mchele wa jumuiya nao ukakoma. Siku kadhaa baadaye simu ya Zulekha ililia tena. Alitaka kuizima, kidole kikakataa.

"Usikate," Muadh alisema, upepo ukivuma nyuma yake. "Mpe Mwatum."

Kisha ikaja sauti nzito. "Mwatum! Mie babako. Nasikia n'mekufa, na maziko yenyewe hata sikualikwa!"

Mtoto alicheka na kulia kwa pamoja. Halafu Khatib akamtaka mwalimu.

"Yuno kijana wako kafika kuno katapika njia nzima. Kasema kosa lake mbele ya dago zima. N'likuwa n'mpige, wallahi. Kisha n'kajiuliza. Mwanangu yuko kwako, mie simletei hata kitoweo. Basi mie na maiti tuna tafauti gani?"

Zulekha aliibana simu sikioni.

"Tukigawa mapato huwa kuna fungu la chombo na fungu la nyavu. Sasa tumeongeza fungu la dahalia. Si kubwa, mwalimu."

"Halitotosha mchele, Khatib."

"Najua. Lakini litakuja."

Muadh alirudi mweusi kwa jua, kanzu imekunjana. Bi Moza aliuacha mlango wazi akakaa kizingitini, pale anapowaona wote wawili.

"Sina kazi," Muadh alisema. "Wala sina uso wa kukutazama."

"Kaa. Mwenye nyumba n'memuomba angoje mpaka msimu wa karafuu. Labda atangoja, labda atatutoa. Nshachoka, Muadh, sikufichi."

"Na mie."

"Basi walete wazee wako kwa baba, Mgogoni. Kama kuchoka, tuchokee nyumba moja."

Muadh alimtazama kama asiyesikia vizuri. "Kwa hivyo ushan'samehe?"

"Bado. N'takusamehe ndani ya ndoa, kidogo kidogo. Leo sina nguvu."

Machozi yalimtoka Muadh, na Zulekha hakumzuia. Kizingitini Bi Moza alipiga kigelegele kimoja, cha chini, maana watoto walikuwa wanasoma.