Nani Anamlipa Irakoze?

"Mama Irakoze, ule mutoto wako, nani anamulipaka?"

Mama Généreuse alimwuliza jirani yake Delfina hivyo siku moja wakiwa kibarazani wanachambua maharagwe. Mkono wa Delfina ukasimama juu ya sinia. Mtoto wake hakulipwa na mtu.

Kila asubuhi Irakoze alipanda basi kutoka mtaa wao wa Kensington-Bailey, mjini Buffalo, Marekani, hadi mtaa wa Black Rock, kwenye ofisi ya Bwana Nestori. Hapo aliwajazia watu makaratasi, akawatafsiria, akawaandikia barua za mahakama. Watu walimwita Nestori wakili. Hakuwa wakili. Kambini Tanzania alikuwa mwenyekiti wa kijiji chao, na yeye ndiye aliyechagua nani apate kazi ya shirika la misaada. Kazi ile haikuwa na mshahara. Mkimbizi alipewa posho kidogo, akasema asante. Aliyeuliza zaidi aliitwa mkorofi, na mwezi uliofuata kazi ilikwenda kwa mwingine. Marehemu mume wa Delfina alisema asante hadi anaingia kaburini.

Basi Nestori alipomwambia Delfina kanisani kwamba atamfundisha Irakoze uwakili bure, Delfina alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa machozi. Mambo ya mshahara hakuyauliza. Nani anamwuliza mwenyekiti mshahara?

Mama Généreuse hakuishia hapo. Alikuwa na mpwa wake mjini Louisville aliyejifunza ufundi wa umeme, na tangu wiki ya kwanza kijana yule alilipwa.

"Bon, wa kwetu anafunga waya, anakula mushahara," alisema, akichanganya na Kifaransa chake. "Wa kwako anaandikia watu barua za mahakama, anakula upepo. Donc waya inapita sheria?"

Delfina alicheka kwa adabu. Lakini kabla wiki haijaisha alimwomba jirani ampeleke mahali pa kuuliza.

Walikwenda watatu, Irakoze nyuma yao, hadi ofisi moja ya msaada wa sheria. Walipokewa na dada aitwaye Isimbi, Mkongomani aliyehamia Buffalo kutoka Columbus, jimbo la Ohio. Alikuwa msaidizi wa mawakili pale. Isimbi alimwuliza Irakoze kama kuna wakili mwenye leseni anayesoma kazi yake. Hapana. Je, ana mkataba ulioandikwa? Hapana. Ana darasa lolote? Irakoze alijibu kwa Kiingereza, akitazama viatu vyake. Hapana.

"Basi wewe si mwanagenzi," Isimbi alisema. "Wewe ni mfanyakazi asiyelipwa."

Akawaeleza polepole. Mwanagenzi wa kweli anajifunza kazi huku akilipwa tangu mwanzo. Ana mkataba. Ana msimamizi mwenye leseni, na ana masomo pamoja na kazi. Ofisi ile ilikuwa inatafuta mwanagenzi wa usaidizi wa mawakili, na sehemu ya gharama ililipwa kwa fedha za umma.

Delfina aliuliza kama huo ni mkopo. Isimbi akasema si mkopo.

"Ni msaada, basi. Tumshukuru nani?"

"Mama, kiwandani unakofanya kazi wanakukata kodi?"

Delfina alijua sana. Walimkata kila siku ya malipo.

"Basi fedha hiyo ni yako wewe na majirani zako. Omba nafasi kama mwenye haki. Usimpigie mtu magoti."

Hapo hasira ikamshika Delfina. Alimkasirikia Nestori. Aliikasirikia posho. Alizikasirikia asante zote alizotoa mahali pasipostahili. Moyoni akasali: Bwana, nina hasira, na ninakuomba usiiondoe upesi.

Irakoze alitaka kujua kama atakuwa wakili. Isimbi hakumpa maneno ya asali. Alisema msaidizi wa wakili si wakili; haruhusiwi kumtetea mtu mahakamani wala kumpa ushauri wa sheria bila wakili. Kila jimbo lina kanuni zake. Kule Columbus lazima umalize shule yote ya sheria. Katika jimbo la New York kuna njia nyembamba: baada ya chuo unasoma mwaka wa kwanza wa shule ya sheria, kisha unaendelea kwa kufanya kazi na kusoma chini ya wakili, ofisini kwake. Mwisho unafanya mtihani kama wengine.

"Ni safari ndefu," alisema, akiutazama uso wa Delfina uliokunjamana, "na fedha za umma hazifiki mwisho wake. Hilo nalo likasirikie."

Irakoze aliomba nafasi, akahojiwa, akapata. Wakili mmoja alisoma kila karatasi yake na kumrudishia, na makosa aliyojifunza kwa Nestori yakaanza kufutika. Jioni alisoma chuo. Mshahara wake ulisaidia kulipa gesi ya kupashia nyumba moto.

Baada ya Krismasi, Nestori alikuja nyumbani. Delfina alimkaribisha na kumwekea chai. Nestori alijinyoosha kwenye kochi kama yuko kambini anagawa kazi. Akasema Irakoze amepata kazi ile kwa mkono wake, na si vibaya familia ikimshukuru mbele ya kanisa. Tena mtoto aje ofisini kwake Jumamosi, amfundishe binti mpya.

"Binti gani?" Delfina aliuliza.

"Wa Kornelia wa kanisani kwetu. Mtoto mwema, hana maneno mengi."

Delfina aliweka birika chini. "Nani anamlipa, Mwenyekiti?"

Nestori akacheka. "Mama Irakoze, siku hizi umekuwa Mmarekani? Mtoto anajifunza. Mama yake amenishukuru kwa machozi."

Machozi hayo Delfina aliyajua. Aliyalia yeye kwanza.

Kwao, mwenye nyumba hamwachi mgeni na chai yake, hata awe mgeni mbaya. Mama yake alimfundisha hivyo. Delfina alikitazama kikombe, akamtazama Irakoze aliyekaa kando, akasimama. Akavaa koti. Akafunga kitambaa kichwani, akaingiza miguu kwenye viatu vya theluji. Nestori alimwuliza anakwenda wapi na baridi hii.

Kornelia alikaa mtaa wa pili. Delfina alifungua mlango, akatoka kwenda kumwuliza swali lile lile: nani anamlipa binti yake?