Nani Alichana Kitabu cha Tobiti?

Kila asubuhi, Bertila alipomaliza kufagia uwanja na kuteka maji, alimpitia rafiki yake Asmaa, wakaongozana kwenda shuleni wakikatiza mashamba ya mikorosho. Ulikuwa msimu wa mabibo, na harufu yake ilijaa njia nzima. Siku za kipindi cha dini walitengana mlangoni, Asmaa akaenda kwa Waislamu wenzake na Bertila kwa Wakristo. Mapumziko walikuwa pamoja tena.

Bertila alikuwa darasa la sita, na katika somo la dini hakuna aliyemfikia. Baba yake alikuwa katekista wa Kanisa Katoliki, kwa hiyo alikua akisikia Biblia nyumbani kama wengine wanavyosikia redio. Shule yao ya msingi katika kata ya Naipingo ilipoalikwa kwenye mashindano ya maswali ya Biblia huko Ruangwa, kila mtu alijua kuwa yeye atakwenda. Kilichomshangaza ni jina la pili alilotaja Mwalimu Lusiana: Penina.

Penina alikuwa mgeni. Familia yake ilihamia mwaka uliopita kutoka Kanda ya Ziwa ikiswaga ng'ombe. Alikuwa mkimya, lakini akiulizwa swali alijibu sawasawa. Mwalimu Lusiana alifungua kabati, akampa kila mmoja Biblia nyeusi ya shule akajisomee nyumbani.

Wiki iliyofuata mwalimu aliwaita mbele ya darasa. "Fungueni kitabu cha Tobiti, sura ya nne. Penina, tusomee."

Penina alipekua mbele, akarudi nyuma. Jasho lilimtoka puani. "Mwalimu, hakimo."

"Hakimo?" Bertila aliangua kicheko. "Mkristo gani hakijui kitabu cha Tobiti?"

"Sijawahi kukiona," Penina alisema. "Hata kanisani kwetu hatukisomi."

Bertila alimnyang'anya ile Biblia. Akatafuta kitabu cha Tobiti, hakukiona. Akatafuta cha Yudithi na vile vya Wamakabayo, navyo hakuviona. Moyo wake ukaruka kwa furaha ambayo baadaye aliionea haya. "Mwalimu, amevichana! Vitabu vizima! Labda wamewashia moto kule kwenye ng'ombe!"

Darasa zima lilicheka. Penina alisema, "Sikuchana," mara moja tu, kwa sauti ndogo. Mwalimu Lusiana alikasirika kuona mali ya shule imeharibiwa. Bila kuifungua ile Biblia, alimwondoa Penina kwenye mashindano na kuagiza mzazi wake aje.

Mapumziko Bertila alikuwa bado na ile Biblia mkononi. Alimsimulia Asmaa mkasa mzima, akamwonyesha mahali Tobiti ilipopaswa kuwa, naye Asmaa akaichukua na kuitazama.

"Kurasa zimechanwa wapi?" aliuliza. "Karatasi ikichanwa huacha mabaki kwenye mshono. Hapa hakuna kitu. Halafu tazama namba, Bertila. Nehemia inaishia hapa, na Esta inaanzia ukurasa unaofuata. Hakuna namba iliyorukwa."

Bertila alitazama. Ilikuwa kweli. Kurasa zilifuatana kama siku za wiki. Angeweza kukimbilia ofisini muda uleule. Lakini darasa lilikuwa limeshacheka, mwalimu alikuwa ameshaamua, na yeye ndiye aliyepiga kelele.

"Wewe mambo ya Biblia unayajulia wapi?" alimjibu Asmaa, akaifunga ile Biblia kwa kishindo.

Asmaa aligeuka akaondoka. Siku ile alirudi nyumbani peke yake.

Kesho yake baba yake Penina, Mzee Masumbuko, alifika shuleni. Bertila alimwona kupitia dirishani akiwa amevua kofia, ameinamisha kichwa mbele ya Mwalimu Lusiana. Alikuwa akiomba msamaha. Mtu mzima mwenye mvi alikuwa akimwombea mtoto wake msamaha kwa kosa ambalo Bertila alijua halikutendeka. Bertila alirudisha macho kwenye daftari, lakini herufi hazikusomeka.

Tangu hapo watoto walimwita Penina "Mchana-Biblia". Kipindi cha dini kikifika, alikaa nje akichora mchanga kwa kijiti. Kila Bertila alipopita karibu naye, masikio yalimwaka moto. Mara mbili alifika hadi mlango wa ofisi, na mara mbili akageuka. "Nitasema baada ya mashindano," alijiambia.

Siku ya mashindano, ukumbi wa Ruangwa ulijaa wanafunzi na wazazi kutoka Malolo, Namungo na kwingineko. Msimamizi alikuwa Sista Dafrosa, mtawa mwenye miwani minene na sauti ya upole. Bertila alijibu maswali ya mwanzo kama maji. Kisha Sista akasoma jingine.

"Taja kitabu kimoja kilichomo katika Agano la Kale la Wakatoliki, lakini hakimo katika Maandiko Matakatifu ya Wayahudi."

Bertila alisimama kwa kujiamini, akizifukuza akilini zile kurasa zilizofuatana. "Hakuna, Sista. Vyote vimo. Labda mtu awe amevichana."

Ukumbi mzima ulicheka. Sista Dafrosa hakucheka.

"Hapana, mwanangu. Vipo, na havikuchanwa na mtu. Wayahudi wana Torati, Manabii na Maandiko, na hivyo ndivyo vitabu vyao vitakatifu. Zamani, Wayahudi wengi waliishi ugenini wakizungumza Kigiriki, na maandiko yao ya Kigiriki yalisomwa pamoja na vitabu vingine, kama Tobiti, Yudithi na Wamakabayo. Wakristo wa kwanza walisoma maandiko hayohayo ya Kigiriki, na Kanisa Katoliki likavihifadhi. Wayahudi wenyewe walishika orodha iliyo fupi. Karne nyingi baadaye, Waprotestanti nao waliifuata orodha hiyo kwa Agano la Kale. Ndiyo maana Agano la Kale la sisi Wakatoliki lina vitabu arobaini na sita, na la Waprotestanti thelathini na tisa. Wayahudi huvihesabu hivyohivyo thelathini na tisa kuwa ishirini na vinne tu, maana baadhi huviunganisha."

Bertila aliketi. Hakuumia kwa sababu ya pointi iliyopotea. Alikuwa anamwona Mzee Masumbuko na kofia yake mkononi.

Walipotoka ukumbini, alimshika Mwalimu Lusiana mkono. Machozi yalimtangulia maneno. "Mwalimu, ile Biblia ni ya Waprotestanti. Penina hakuchana kitu. Na mimi… kurasa zilikuwa zinafuatana. Asmaa alinionyesha siku ileile. Niliona, nikanyamaza."

Mwalimu Lusiana alimfuta machozi. "Biblia zile tulipewa na makanisa mbalimbali," alisema, "nami sikuitazama hata mara moja. Kesho tutakwenda kwao, wote wawili."

Walimkuta Mzee Masumbuko zizini. Bertila alipiga magoti, akasema yote, bila kuficha hata lile la kuona na kunyamaza. Mwalimu naye akaomba msamaha.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Binti yangu aliniambia hakuchana," alisema polepole. "Mimi nikamwambia, kubali tu, yaishe. Sisi ni wageni hapa. Kila shamba likiliwa, ng'ombe ni wa Masumbuko. Nilimlazimisha mtoto akubali uongo. Hilo ndilo linaniuma."

Penina alikuwa amesimama nyuma ya baba yake. "Bertila, ungeniuliza tu," alisema. "Ningekuambia kwamba kwetu tunasoma tofauti."

Bertila hakuinuka. Aibu aliyoikimbia kwa wiki kadhaa sasa ilimkalia yote mabegani.

Jumatatu, mstarini, alirudia maneno yaleyale mbele ya shule nzima. Aliwaomba msamaha Penina na Asmaa kwa majina yao. Wapo waliocheka. Mwalimu Lusiana alinyoosha mkono, wakanyamaza.

"Msimcheke," alisema. "Kutojua si kosa. Bertila hakujua kwamba Biblia zinatofautiana, na hata mimi sikukumbuka. Tungeuliza, tungejifunza siku ileile. Kosa ni kumhukumu mwenzako kabla ya kumsikiliza. Na kosa kubwa zaidi ni kuujua ukweli kisha ukauficha ili usiaibike, maana aibu yako unambebesha mwingine asiye na hatia. Ukikosea, sema mapema. Jinsi unavyokawia, ndivyo mzigo unavyoongezeka."

Kipindi cha dini, Penina aliingia darasani, akaketi dawati moja na Bertila. Hakutabasamu. Alivuta Biblia ya Bertila, akaisogeza mbele yake.

"Nionyeshe," alisema. "Nataka kukisoma hicho kitabu kilichoniponza."