Jina Lililosagwa Kinuni

Kule kwetu Ohio, siku ya kumwaga chumvi katika tanuri la kiwanda cha matofali ilikuwa siku kama nyingine. Aliyeimwaga ni shemeji yangu Delmar, mume wa dada yangu Orpha. Chumvi ikiungua humo, tofali linavaa ngozi kama ya kioo, tone la maji haliingii.

Mwaka huo binti yao Lottie alizama katika shimo la udongo la kiwanda. Sisi watu wa udongo tulikuwa tukifinyanga wenyewe alama za makaburi, zikichomwa pamoja na matofali. Delmar akafinyanga mwana-kondoo, Orpha akaandika jina la Lottie juu yake kwa kidole.

"Huyo kondoo au panya, Del?" wenzake wakamtania, mradi acheke kidogo.

Msimamizi, Bwana Stroud, hakucheka. "Tanuri langu si la makaburi." Akamtupa kondoo mbichi kinuni, kwenye mashine ya kusagia udongo.

"Futa jina kwanza, bosi!" Delmar akapiga kelele. Kwetu, udongo wenye jina haurudi kinuni kabla halijafutwa.

Kinu kilikuwa kimeshasaga.

Udongo ule ukawa matofali ya nyumba mpya ya Stroud.

Mchana mmoja wa jua kali Stroud alikuja kwa Orpha, kofia mkononi. "Mama Lottie, njoo. Nakuomba."

Nikamsindikiza dada, na Delmar nyuma yetu. Ukuta ulikuwa unatiririka maji. Matofali yale yale ya chumvi. Delmar akagusa, akaramba kidole.

"Maji ya shimoni," akanong'ona.

Orpha akaweka sikio ukutani. Sauti ya Lottie ikatoka ndani ya tofali.

"Mama, nimelowa."

"Ling'oeni hili!" Stroud akapiga kelele. Tukaling'oa. Sauti ikatoka kwenye la pili. Kisha la tatu. Kisha ukuta mzima.

Stroud alihama jioni ile ile. Dada yangu akahamia. Aliufuta ukuta kwa taulo mpaka nywele zake zikawa nyeupe.

"Orpha, twende nyumbani, dada yangu," nikamsihi.

"Nikiacha, analia."

Akafia hapo hapo, taulo mkononi.

Mwaka jana nyumba ikabomolewa. Nikaomba matofali niyapange kwenye kaburi la Lottie, maana mpaka leo halina alama. Yalikuwa makavu kabisa. Moja likapasuka mikononi mwangu. Ndani, katikati ya udongo ulioungua, palikuwa na alama za vidole vidogo.

Nikapasua lingine.

Vidole vile vile vidogo. Safari hii vilikuwa vimeshikwa na vya mtu mzima.