Siagi Masikioni mwa Tsewang

Barafu ilimezwa na mto kabla Norphel hajamaliza kujisifu.

"Hapa ni chuma, dada! Hata ng'ombe wa yaki mwenye mimba anapi..."

Mara yumo ndani hadi kiunoni, viwiko vimeng'ang'ania ukingo, macho yamemtoka kama mbuzi aliyekiona kisu. Chorol alijitupa kifudifudi akamrushia mshipi wake. Mumewe, Tsewang, akamshika Chorol miguu, wakavuta. Norphel alitoka akitapika maji, suruali ikianza kuganda hata hajasimama. Mzigo wa kuni aliokuwa ameubeba ukaenda zake chini ya barafu, kama mgeni asiyeaga.

"Nani alikutuma utangulie?" Chorol alifoka, akimvua suruali bila haya. Ni mdogo wake, amemwogesha tangu utotoni, na hakuona jipya.

"Sasa atangulie nani? Shemeji hasikii hata nikimpigia yowe!"

Na huo ndio uliokuwa msiba wao. Bonde lao la Zanskar wakati wa baridi halina njia nyingine ya kutokea kwenda mjini ila mto wenyewe, ukishaganda katikati ya magenge. Anayetangulia hugonga barafu kwa fimbo na kusikiliza. Barafu nene husema hivi, yenye uwazi chini yake husema vile. Chorol alisikia ko, ko, ko tu. Norphel naye alisikia lile alilotaka kusikia. Tsewang, aliyeanza kutangulia kabla hajaota ndevu, ndiye aliyejua kutofautisha.

Lakini juzi sikio la kulia lilimshika. Maumivu yalipanda hadi kwenye paji la uso, akashindwa kutafuna. Chorol akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa kijijini kwao angefanya: akayeyusha siagi, akamimina sikioni, akaziba kwa sufi. La kushoto nalo akalitilia, lisije likaona wivu. Nyumbani, karibu na jiko, siagi ya namna hiyo hutiririka ikatoka yenyewe. Huku mtoni baridi iliikamata na sufi yake ikawa mshumaa. Tangu asubuhi Tsewang alikuwa gogo lenye kofia.

Wakajibanza kwenye pango. Upepo ulikuwa umegeuka, unakuja na vuguvugu baya, na maji yalianza kupanda juu ya barafu. Ikifika jioni, njia yote ingekatika vipande. Unga wa shayiri uliobaki haukujaza kofi. Vidole vya miguu vya Norphel vilikuwa vyeupe kama nta, na Chorol alivitia kifuani mwake, chini ya koti.

"Nipe kijiti, nimchokoe hiyo siagi," Norphel akasema huku meno yakigongana.

Chorol akamchapa mkono. "Shangazi alichokolewa hivyo hivyo. Hadi anazikwa, upande mmoja ulikuwa unasikia upepo tu."

"Basi nimpulizie moshi wa tumbaku."

"Kiberiti umekiogesha mtoni. Utampulizia majigambo yako?"

Tsewang hakusikia hata neno. Aliketi mdomoni mwa pango, shavu kalishika, kidevu kakiegemeza juu ya fimbo iliyosimama kwenye barafu. Mbali huko mto ulipasuka: ngruuu. Akainua kichwa ghafla.

"Nimesikia."

Wakatazamana. Akashusha kidevu tena. Kisha akafanya jambo la kichaa: akaiuma ncha ya fimbo na kuigonga chini kwa jiwe. Akaruka, akalia kama mbwa aliyekanyagwa, lakini machozi yakimtoka alikuwa anacheka.

"Naisikia! Inapitia mifupani! Hapa ni nene!"

Norphel alishangilia. Chorol hakushangilia. Alikuwa anautazama ule mkono wa mumewe, ulikokwenda alipolia. Haukwenda sikioni. Ulikwenda kwenye taya.

"Fungua mdomo," akamwambia, akimwonyesha kwa vidole. Tsewang akatikisa kichwa. Chorol akamfungua mwenyewe, kama anavyowafungua punda. Gego la mwisho lilikuwa jeusi, fizi imevimba, na harufu iliyotoka ilimrudisha nyuma hatua mbili.

"Tangu lini?" akampigia kelele, midomo kaibandika kwenye paji lake, sauti ipite mfupani.

"Tangu mavuno."

"Tangu mavuno! Na umeniacha nimwage siagi safi kwenye sikio lisilo na kosa!"

"Ningesema, baba yako angekuja na koleo lake la kukatia kwato."

Chorol akamwachia taya, maana kweli angekuja.

Wakaondoka kabla maji hayajafika pangoni. Tsewang aliuma fimbo, Chorol akainama mbele yake na kuigonga barafu kwa jiwe karibu na ncha ya chini, Norphel akafungwa kwa mshipi nyuma yao, miguu imeviringwa kwa blanketi. Gonga. Uso wa Tsewang unajikunja, kisha anaitikia kwa kichwa. Wanasonga. Gonga. Anaitikia. Damu ikamchuruzika kwenye ndevu na kugandia hapo. Chorol alijua kila anapoinua jiwe anampiga mumewe kwenye jeraha, naye hakuwa na ruhusa ya kumhurumia.

Penye korongo jembamba, gonga, na Tsewang hakuitikia. Kushoto: hapana. Kulia, chini ya genge: akasita, akafumba macho, akaonyesha mkono bapa. Walale.

Wakatambaa kwa matumbo katika maji ya barafu, mmoja mmoja. Chini yao palikuwa na mlio mrefu ambao hata Chorol aliuelewa. Norphel alikuwa wa mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani alinyamaza njia nzima. Alipofika mwambani, kipande walichokipita kikainuka, kikageuka tumbo juu, kikaenda.

Mwisho wa korongo waliwakuta mafundi wa barabara wakinywa chai ya chumvi karibu na lori lao. Hawakuulizwa kitu. Walitupiwa ndani kama magunia.

Zahanatini daktari, mama mnene mwenye taa ndogo, alifuta siagi iliyokwisha kuyeyuka, akachungulia masikio ya Tsewang kwa muda mrefu.

"Sikio zima kabisa, ngozi ya ndani haijatoboka. Lakini nani kafungua duka la siagi humu?"

Norphel alimnyooshea dada yake kidole kabla hata swali halijatua.

"Watu wazima wengi huja wameshika sikio," daktari akasema, "kumbe mgonjwa ni jino, au taya, au koo. Muwe mnaangalia kinywani. Na kama ngozi ingekuwa imetoboka, mama, siagi yako ingemharibu. Sikioni msitie kitu wala kuchokoa. Kausha, tia joto kwa nje, mpe vidonge vya maumivu, mlete."

Masikio yakaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Gego liling'olewa mjini Leh. Norphel aliacha huko vidole viwili vya mguu, na tangu hapo hutembea nyuma ya wenzake.

Baridi iliyofuata mto uliganda vizuri, wakarudi tena barafuni. Tsewang aligonga, akasikiliza kwa masikio yake safi, kisha akamgeukia mkewe na kumpa fimbo.

"Iume."

"Mimi meno yangu ni mazima."

"Ndiyo maana nimekupa."

Chorol akauma, akagonga. Sauti ikampanda kichwani, nzito, na chini yake mto mzima ukinong'ona ukienda. Akagonga tena.

"Vipi?" Norphel akauliza kwa nyuma.

Chorol akatoa fimbo mdomoni. "Nyamaza," akasema. "Nasikiliza." Akaiuma tena, akatangulia.