Kreti za Muasya

"Elfu kumi na nane za nini, Syombua? Silipi! Wiki yake ya mwisho kazini, kompyuta haikuona kreti hata moja ya marehemu mumeo Muasya!"

Ndivyo rafiki yangu Kathini, msimamizi wa stoo ya ndizi hapa Voi, alivyomfokea mjane. Kreti ikipimwa tu, jina la mpimaji hutokea papo hapo kwenye skrini.

Akamgeuzia skrini ajionee. Mstari ukatokea: Muasya, kreti moja.

Ndani ya chumba cha kuivishia, kwenye giza totoro, kreti ikaburutwa. Mizani ikalia tii. Ikaburutwa nyingine. Tii. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo mfukoni mwa Kathini.

Kulipotulia, chini ya jina la Muasya pakajiandika: "Mpe mke wangu elfu kumi na nane."