Nani Anapandisha Joto?

Asubuhi Peace alifagia banda, akaosha vyombo vya maji ya kuku, kisha akaingia chumba cha mayai. Ndani kulikuwa na joto zuri, kama mgongo wa mtoto aliyelala.

Mashine ya kuangulia ilikuwa imejaa mayai. Jana alisikia vifaranga wa kwanza wakilia ndani ya ganda: pii, pii. Ugonjwa ulikuwa umemaliza kuku wa kijiji chao cha Kiyeyi, na majirani waliwangoja hawa ili waanze upya.

Kompyuta ndiyo iliyopima na kurekebisha joto. Programu yake ilikuwa ya zamani na haikukubali kompyuta mpya. Kwa hiyo Okanya, mume wa Peace, aliiweka ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya pili inayofanya kazi ndani ya ile ya kwanza. Dirisha moja kwenye skrini lilionyesha yote.

Peace alitazama dirisha hilo. Mshale ukasogea wenyewe.

Hakuwa amegusa kitu. Mshale ulitambaa hadi kwenye joto. 37 ikawa 38. Ikawa 39. Peace akairudisha. Mshale ukatulia, kana kwamba unamtazama. Kisha ukapandisha tena.

Alimpigia Okanya simu. "Ni wewe unayechezea joto?"

"Mimi? Niko mpakani Busia, napanga foleni na chakula cha kuku."

"Basi kuna mtu ndani ya nyumba yetu."

Mama mkwe wake, Akongo, alisimama mlangoni, mkono kifuani. "Toka humo, mwanangu. Tumwite mchungaji."

"Mama, mchungaji akifika vifaranga watakuwa wameiva!"

Peace alikimbia kwa jirani yao Babra, fundi wa kompyuta anayefanya kazi mjini Tororo. Babra alikuja na taulo bado kichwani.

"Waya wa intaneti uko wapi?" Akauchomoa. Mshale ukasimama. Peace akashusha joto haraka.

"Si shetani," Babra alisema. "Ni mtu. Anaweza kuwa popote."

Peace akazidi kuogopa. Shetani angalau angekimbia maombi.

Babra akazungumza na Okanya kwenye simu. "Shemeji, dirisha hili ulilifunguaje?"

"Nililiacha bila neno la siri. Nikatuma anwani kwenye grupu la wafugaji, wa huku na wa ng'ambo. Si tunatembeleana mabanda? Nilitaka waone mayai."

"Wote unawajua?"

"Wote... hapana."

"Anayekuja bandani anapiga hodi, unamwona uso. Hapa hakuna hodi. Na anayeona dirisha hili anaweza pia kushika kila kilichomo."

"Mungu wangu," Okanya alisema.

Babra alifanya kazi akieleza. Alifunga njia iliyoachwa wazi kwenye kifaa cha intaneti. Aliliwekea dirisha neno la siri refu, akaliamuru liisikilize kompyuta hiyo hiyo tu, si dunia nzima. Kisha akatengeneza njia iliyofungwa, yenye ufunguo mmoja kwa simu ya Okanya na mwingine kwa simu ya Peace. Mwisho akafanya dirisha lijipunguze litoshee simu.

"Shemeji, jana kwenye simu yako namba ya joto ilikatika chini, sivyo?"

"Ilikatika! Nikadhani mambo ni sawa."

Kisha Babra akarudisha waya. Yeye, Peace na Akongo wakautazama mshale. Haukusogea.

Lakini mayai yalikuwa kimya. Peace alifungua mashine kidogo, akasikiliza. Kimya. Akongo akamsogeza, akaweka sikio lake karibu.

"Nyamazeni," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza.

Pii.

Mayai mengine hayakuanguliwa kamwe, na Peace aliyazika mwenyewe nyuma ya banda. Lakini vifaranga wengi walitoka, wakakauka, wakapelekwa nyumba kwa nyumba ndani ya maboksi. Okanya alituma picha yao kwenye grupu. Mtu asiyemjua akauliza, "Boss, anwani ya kuangalia mashine imekufa?"

Okanya akamwandikia: "Njoo Kiyeyi. Piga hodi, tutakufungulia."

Mtu huyo hakujibu tena.