Paka Aliyepanda Bega la Abdias

Abdias alimwita paka wa watu mulozi, yaani mchawi, mbele ya familia ya mchumba wake, siku ya kujitambulisha.

Mapenzi yao yalikuwa na miezi minane. Walikutana Beni, kwenye parking ya magari ya Butembo. Kaswera, amefunga liputa la kitenge cha njano, alimkanyaga kiatu chake kipya cheupe, na badala ya kuomba radhi akamwuliza, "Na weye, mguu mukubwa hivi, unaulipiaka tiketi yake?" Abdias, mnunuzi wa kakao wa mtaa wa Bungulu, alicheka mpaka gari likamwacha.

Siku ya kujitambulisha, nyumbani kwa kina Kaswera Butembo, alivaa suti ya bluu, suruali imepigwa pasi mpaka mstari ungekukata. Alisimama sebuleni kutaja jina la baba yake, ndipo kitu kikamshika shavu la mguu. Kikapanda. Goti, paja, mgongo, kucha ndani ya nyama, mpaka begani. Pua baridi ikamgusa sikio.

"Yesu! Mulozi! Munanitumia mulozi!"

Akamnyakua paka mweusi, akamtupa mezani, katikati ya sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Nyumba ya mjane, kuitwa nyumba ya walozi! Mama Hulda, mama yake Kaswera, akafunika uso kwa liputa. Dada wa marehemu mumewe, tanti Florentine, akaonyesha mlango kwa kidole kimoja.

Wiki tatu Kaswera hakushika simu. Ya nne akashika.

"Sheri, mupenzi..."

"Usiniite sheri! Unajua ile paka ilikuwaka inapanda nani? Papa, baba yangu. Kila mangaribi akitoka shambani, mpaka ku bega. Tangu tumuzike, miaka mbili, haiyapanda mutu. Maman alikuwa karibu kulia juu ya furaha. Lakini weye unaitupa mu sombe!"

Abdias akakaa chini palepale, juu ya gunia la kakao.

"Nifanye nini, Kaswera?"

"Tanti anasema ulete mbuzi ya kuosha ile neno. Na usimame pale ulisimamaka."

Akaleta. Akasimama. Paka akamtazama kutoka dirishani, muda mrefu, kisha akashuka, akaanza na mguu uleule. Jasho lilimtiririka Abdias, lakini hakusogea. Paka alipofika begani, Abdias alimwambia:

"Karibu, papa mukwe."

Mama Hulda akalia waziwazi.

"Muangalie! Anatetemeka sawa kuku!" tanti Florentine akasema.

"Tanti, leo miye niko muti ya kupandwa tu," Abdias akajibu.

Kaswera akacheka, akiwa ameshika tumbo.

"Basi utaolewa na miye?" Abdias akamwuliza.

"Uliza ule iko ku bega."

Paka alikuwa anakoroma, amefumba macho.

Harusi ikafungwa Agosti. Ilimgharimu Abdias mbuzi dume mmoja juu ya wale wa mahari, suruali mbili, wiki tatu bila sauti ya Kaswera, na alama kumi na moja za kucha mgongoni.